Mama Aliniambia Nisikilize Tena

Siku tunamuaga mama yangu, mwanamke nisiyemjua alisimama kanisani akapiga wimbo wa disko mbele ya jeneza.

Sio pambio. Sio tenzi. Disko kabisa, ule muziki wa kutingisha kiuno.

Mwenzenu nilikuwa nimekaa benchi la mbele, nimevaa nyeusi, leso imelowa chapachapa. Nikasema moyoni, jamani, huyu ni kichaa wa wapi tena?

Kilichofuata kimenivunja mpaka leo. Ndio maana nimeamua kuandika. Naombeni mnisome mpaka mwisho, na mkinitukana basi mnitukane kwa haki.

Naitwa Vonetta Tolliver. Nimezaliwa na kukulia Chicago, upande wa kusini, na sijawahi kuhama zaidi ya mitaa sita kutoka nilipozaliwa.

Kazi yangu ni kusikiliza muziki na kuuandika. Miaka thelathini na ushee nimekuwa na safu kwenye gazeti letu la wiki, gazeti la watu weusi. Safu yenyewe inaitwa "Sikio la Vonetta".

Ukitoa santuri mbovu, nakuchana bila ganzi. Ukitoa nzuri, nakupamba mpaka unajishangaa. Kuna wanamuziki wakiniona ukumbini walikuwa wanapitia mlango wa nyuma.

Nilijiona mjuaji haswa. Asikwambie mtu, sifa inalevya.

Sasa nije kwa mama.

Mama yangu, Lurlean, alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Asubuhi yuko kwenye masufuria makubwa, alasiri anarudi miguu imevimba, anavua viatu mlangoni na kukaa kimya. Ungemwona siku za wiki ungedhani hana sauti.

Ila Jumapili sasa! Hapo ndipo ungemjua Lurlean Tolliver ni nani.

Kanisani kwetu kuna mtindo wa zamani, wa tangu enzi za mababu zetu waliokatazwa kusoma. Mtu mmoja anautamka mstari wa tenzi haraka haraka, kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona. Kanisa zima linaudaka na kuuburuta polepole mpaka unasikia mbao za sakafu zinatetemeka. Halafu anatamka mstari mwingine. Sisi tunaita kutangulizia.

Ni kazi ya mashemasi, wanaume watupu. Lakini Shemasi Purvis alipopata kiharusi, kukawa na Jumapili moja hakuna aliyejua nani aanze. Mama akasimama bila kuombwa, akatangulizia. Wanaume wakatazamana, ila hakuna aliyethubutu kumkalisha.

Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Na ikamkaa mwilini kiasi kwamba hakuweza tena kuimba mstari wowote bila kwanza kuunong'ona.

Pembeni alikuwa na vibarua vya studio. Kuitikia nyuma tu, "aaa" na "uuu". Wanampigia simu, anapanda treni, anaimba, anarudi kupika. Majina yakiandikwa nyuma ya ganda la santuri, la kwake halimo.

Nyumbani alikuwa haimbi. Koo alilitunza kama vyombo vya wageni. Mimi nimelala usingizi wangu wote wa utotoni kwa redio.

Lishikeni hilo, nitalirudia.

Ilikuwa mwaka 1990, nina miaka ishirini na sita, bado nakaa kwa mama. Ofisini wakaniletea santuri mpya iliyokuwa imeanza kuwasha moto kwenye klabu. "Niko Mlangoni". Mwimbaji, Sabine.

Kwenye ganda kulikuwa na picha ya binti mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, kiuno cha nyigu, macho ya kukutafuta. Mzungu aliyetengeneza wimbo, Krantz, alikuwa ameandika jina lake mwenyewe mara nne.

Jumamosi mchana nikaiweka kwenye mashine pale sebuleni. Mama alikuwa kwenye kochi na bakuli mapajani, anakata majani ya sukuma ya kesho yake.

Ngoma zikaanza kwa kasi. Kisha ukaja mnong'ono mdogo, wa haraka: nifungulie, niko mlangoni. Halafu ndipo sauti yenyewe ikapanda, nyembamba, juu kabisa.

*Nifungulie, niko mlangoni,*
*miguu yangu imechoka.*

Kisu cha mama kikasimama.

"Nani huyo?"

"Sabine, mama. Ndiye anayetamba sasa hivi. Kila klabu ni yeye."

"Sabine," mama akarudia, kama anaonja chumvi. "Hebu rudisha mwanzo. Sikiliza tena."

Nikarudisha. Nikasikiliza, nimefumba macho kitaalamu.

"Haya. Umesikia nini?"

Mimi huyo nikaanza mhadhara. "Unaona, mama, huyu binti hapigi kelele. Kina mama wa kanisani wanadhani kuimba ni kupasua mapafu. Huyu anajizuia. Sauti changa, ya kisasa."

"Changa."

"Eeh. Ya msichana."

"Sikiliza tena, Vonetta."

"Mama, nimeshasikia!"

"Mara moja tu. Nifanyie hisani."

Nikarudisha mara ya tatu. Safari hii hakuangalia mashine, alikuwa ananiangalia mimi. Wimbo ulipoisha akauliza taratibu, "Na huo mnong'ono kabla ya kila mstari, je?"

"Huo ndio unaoharibu! Unasikika kama bibi kizee wa kanisani anatangulizia tenzi."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu huu. Na nikacheka.

Mama hakucheka. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wa shule waliofika dirishani kwake na njaa wakashindwa kusema wanataka nini. Alisubiri. Mimi nikatoa santuri, nikaanza kuifuta vumbi.

Akainua bakuli, akaingia jikoni. Nikasikia bomba limefunguliwa. Maji yalitiririka muda mrefu mno kwa majani machache yale, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Jumatatu nikaandika safu yangu. Naikumbuka neno kwa neno, na natamani ningeisahau.

"Sabine ana kitu ambacho mama zetu hawakuwahi kuwa nacho: anajua kujizuia," niliandika. Mwishoni nikaongeza: "Watengenezaji wakiwa na busara, watafuta ule mnong'ono wa kikanisa."

Basi bwana, wiki mbili hazikupita, santuri ikatoka upya. Safi. Mnong'ono haupo.

Weee! Nilirudi nyumbani naruka. "Mama, wamenisikiliza! Wamefuta kama nilivyosema!"

"Nimeona," mama akasema. Alikuwa anapiga pasi aproni yake ya kazini. "Hongera, mwanangu."

Wimbo ule uliofutwa mnong'ono ndio ulioenda duniani kote. Mpaka leo ukiusikia kwenye harusi au kwenye tangazo la gari, ni huo.

Na Jumapili iliyofuata mama hakusimama kutangulizia. Alisema koo limechoka. Kazi ikarudi kwa mashemasi, na mama akakaa benchi la tatu, akiitikia na wengine, kwa miaka ishirini na tisa.

Nami nikaamini ni koo.

Turudi msibani.

Machi 2019, jeneza la mama liko mbele, kofia yake ya zambarau juu yake. Muda wa salamu ukafika. Dada Odessa, mshereheshaji, akatoa onyo lake la siku zote: "Dakika mbili mbili, wapendwa. Anayetaka kuhubiri, mhubiri tayari tunaye."

Ndipo yule mwanamke akasimama kutoka nyuma. Miaka kama hamsini hivi, mrefu, suti ya kijivu. Mkononi amebeba mashine ya santuri, ile ya kukunja kama sanduku.

"Mimi siimbi," akasema kwenye kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mkwaruzo. "Sijawahi kuimba hata siku moja. Marehemu aliniagiza nilete hiki."

Akaweka mashine chini, akateremsha sindano.

Ngoma zikaanza. Duf, duf, duf, duf.

Kanisa likasisimka kwa hasira. Mchungaji akainuka nusu kwenye kiti chake. Shangazi yangu Queen Esther akanishika mkono: "Yesu wangu! Klabu imetufuata mpaka kwenye jeneza?"

Na mimi nikaujua wimbo. "Niko Mlangoni". Nikasema, ila kwa nini huu, kwa nini hapa?

Kisha ukaja mnong'ono.

Nilikuwa sijausikia kwa miaka ishirini na tisa. Ilikuwa santuri ya kwanza, ya kabla ya kufutwa. *Nifungulie, niko mlangoni.*

Benchi la pembeni wanakaa kina mama wa kanisa, wale wazee wanaovaa nyeupe. Sijui niwaelezeje. Hawakutazamana, hawakuulizana. Mnong'ono ulipoisha tu, wakaitikia. Wote. Polepole, kwa kuburuta, juu ya ngoma zile za kukimbia.

*Nifungulieee...*

Miili yao ilikuwa imezoea. Ukisikia sauti ile imetangulia, unaitikia, hata ukiwa umesinzia.

Mstari wa pili, benchi la wanaume likaingia. Mstari wa tatu, kanisa zima.

Mama Hattie, mjane wa Shemasi Purvis, ana miaka tisini na moja, yuko kwenye kiti cha magurudumu, sikio moja tu ndilo linalofanya kazi, tena kwa kifaa. Akainua mkono juu akapiga ukelele: "Ni Lurlean! Jamani, Lurlean anatutangulizia!"

Nikauachia mkono wa Shangazi.

Ilikuwa ni yeye. Sauti imeharakishwa, imekondeshwa, imefanywa ya kitoto, lakini ni yeye. Pumzi ile ni yake. Haraka ile ni yake. Bibi wa sikio moja ameitambua kwa mstari mmoja, na mimi, Sikio la Vonetta, niliusikiliza wimbo mara tatu sebuleni, mwenye sauti amekaa hatua mbili kutoka kwangu, na nikasema mnong'ono wake unaharibu.

Nililia, sio kile kilio cha msiba. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekamatwa.

Baada ya makaburini tulirudi kanisani kula, ukumbi wa chini. Kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, sukuma, keki za siagi za kina mama. Nilimkuta yule mwanamke amekaa peke yake kwenye kona na chai yake.

"Wewe ni Sabine," nikamwambia.

"Marvelle," akasema. "Marvelle Oakes, wa Milwaukee. Sabine ni jina alilonibandika Krantz. Kaa, dada."

Nikakaa.

"Mama yako aliitwa aimbe wimbo wa kunifundishia. Walimwambia ni mazoezi tu, nikishaushika nitauimba mimi. Mimi nisingeushika hata kwa miaka kumi, unanisikia nilivyo. Krantz akaongeza kasi ya mkanda, sauti ikawa ya kitoto, akanipiga picha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa mdomo tu, dada yangu."

"Mama alijua lini?"

Akageuza kikombe chake. "Alijua siku ulipompigia sebuleni."

Jamani.

Yaani mimi ndiye niliyeleta wizi ule nyumbani, nikauweka kwenye mashine, nikamsifu mwizi mbele ya aliyeibiwa.

"Jumatatu yake alienda kwa wakili," Marvelle akaendelea. "Hakutaka kingine chochote. Jina lake tu, liandikwe kwenye ganda. Wakili akafurahi. Akamwambia, mnong'ono huu ni kama alama ya kidole gumba. Tutaleta kanisa lako lote lije kuutambua."

"Halafu safu yangu ikatoka."

"Halafu safu yako ikatoka. Krantz aliisoma studio akapiga makofi. Ulimwambia afute ushahidi, naye akafuta. Lakini santuri za kwanza zilikuwepo bado, wakili hakukata tamaa. Tukakutanishwa pande zote mbili. Mimi nililetwa kuapa kwamba sauti ni yangu."

Akaweka kikombe mezani. 

"Wakili wa Krantz akatoa gazeti lako. Akalisoma lote kwa sauti. Kisha akamuuliza mama yako, huyu mwandishi ni nani kwako? Akasema, binti yangu. Anajua muziki? Akasema, anajua sana. Anaijua sauti yako?"

"Akajibu nini?"

"Hakujibu."

Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Yule wakili akasema, basi tutamwita binti aje aape. Ama hajui kazi yake, na dunia ijue hajui. Ama anajua, na wewe mama ni mwongo. Chagua. Mama yako akachukua kofia yake mezani, akaivaa, akainyoosha vizuri. Akasema, 'Mwanangu ana sikio zuri. Tuyaache haya.' Akaondoka."

Hapo nikashindwa kabisa. Niliweka kichwa mezani, katikati ya sahani za watu.

Aliliacha jina lake ili langu lisiharibike. Nami jioni ile lazima nilikuwa nyumbani. Lazima alinipakulia chakula. Lazima nilimweleza habari za wanamuziki.

"Nilimfuata jikoni kule shuleni kumwomba radhi," Marvelle akasema. "Alinipa sahani ya maharage akaniambia nimekonda sana. Tangu hapo, kila siku yangu ya kuzaliwa alinipigia simu. Santuri hii ni yake, alinipa mwaka juzi alipoanza kuumwa. Akaniambia, nikifa, ipige kanisani, Vonetta akiwepo. Akisikia, mwambie yote. Asiposikia, kunywa chai yako urudi Milwaukee, usimwambie neno."

"Kwa nini hakuniambia mwenyewe? Miaka yote ile!"

"Nilimuuliza. Akasema, Vonetta akijua, ataacha kuandika."

Naomba niwe mkweli kwenu. Mpaka leo sijui kama siku ile nilisikia mimi, au nilisikia kwa sababu kanisa lilisikia kwanza. Nalala nalo hilo, naamka nalo.

Nilidhani yameisha. Kumbe bado.

Siku ya tatu Shangazi Queen Esther alikuja tugawe kofia. Kwetu mwanamke wa kanisa akifariki, kofia zake wanagawiwa wenzake, na mama alikuwa nazo ishirini na mbili, kila moja na boksi lake. Tukawaita mmoja mmoja. Ya njano kwa Dada Odessa. Ya manyoya kwa Mama Hattie.

Boksi la mwisho lilikuwa zito. Halikuwa na kofia.

Zilikuwa safu zangu. Zote, tangu ya kwanza, zimekatwa kwa mkasi na kupangwa kwa tarehe. Na pembeni mwa kila moja, kwa penseli, maandishi ya mama.

"Hapa umesikia."

"Mpiga besi yuko nyuma ya mdundo, sio mbele. Sikiliza tena."

"Umemsahau mpiga kinanda, na yeye ndiye anayeubeba wimbo."

Nilikaa sakafuni nikasoma mchana kutwa. Nami nimesoma waandishi wa muziki wakubwa kwa wadogo, wa mji huu na wa mbali. Hakuna aliyesikia kama mpishi yule.

Na kadiri nilivyosoma nikaanza kuona aibu nyingine, mbaya zaidi.

Kwa sababu maneno mengine niliyajua. Kuna sentensi yangu moja watu huwa wanainukuu, ndiyo iliyonipa tuzo: "Mwimbaji mzuri anakuachia nafasi ya kuitikia." Mama alikuwa amepigia mstari, akaandika pembeni: "Haya niliyasema mimi, tukiosha vyombo."

Hakuna alama ya mshangao. Hakuna lawama. Kumbukumbu tu.

Nikatafuta nyingine. Zilikuwa kumi na saba. Maneno ya mezani, maneno ya kwenye sinki, maneno aliyoyasema akijikanda miguu. Niliyabeba yote, nikayatia jina langu, na wala sikujua naiba. Nilidhani ni mazungumzo tu ya mama.

Krantz alichukua sauti yake. Masikio yake niliyachukua mimi.

"Una nini, mtoto?" Shangazi akauliza mlangoni, kofia mbili kichwani.

"Shangazi, mama aliwahi kukwambia lolote kuhusu kuandika?"

"Lurlean? Alitaka kuandika gazetini kabla hujazaliwa. Walimwambia wanatafuta mtu wa kupokea simu." Akavua kofia moja. "Wewe ulipopata ile safu, alinunua magazeti kumi akagawa mtaa mzima."

Safu ya Sabine niliiacha mwisho. Niliogopa kuigusa. Nilijua hapo ndipo atakuwa amenichana, na nilitaka anichane, jamani. Nilimwomba Mungu iwe matusi.

Nikaigeuza. Penseli ilikuwa imefifia.

"Kasikia kila kitu ila mimi. Kosa langu. Sikumwimbia vya kutosha nyumbani."

Ni hayo tu.

Nimeandika maelfu ya kurasa maishani mwangu na sijawahi kuandika mistari iliyomwangusha mtu kama ile ilivyoniangusha mimi.

Magazeti yana desturi moja nzuri. Ukikosea, unachapisha masahihisho. Wiki hiyo niliandika safu yangu fupi kuliko zote, naiweka hapa kama ilivyotoka.

"MASAHIHISHO. Mwaka 1990 safu hii ilisema kwamba wimbo 'Niko Mlangoni' uliimbwa na Sabine. Sio kweli. Uliimbwa na Lurlean Tolliver, mpishi wa shule, mtangulizi wa tenzi. Safu hii ilisema pia kwamba mnong'ono wake ufutwe. Mnong'ono ule ndio uliokuwa wimbo. Na mambo kumi na saba ambayo safu hii imesifiwa kwayo yalisemwa naye kwanza. Mwandishi alikuwa chumbani humo humo, na hakusikia."

Jina la safu nimelibadilisha pia. Sasa inaitwa "Sikio la Lurlean".

Watu wamenipongeza. Mmoja akasema mama anatabasamu huko aliko. Asante, lakini hainiponyi. Yeye hakuhitaji gazeti. Siku ile ya sukuma na kisu alihitaji neno moja tu kutoka kwangu: "Mama, ni wewe?" Ningelisema, asingehitaji hata wakili.

Marvelle aliniachia santuri. Jumamosi mchana huwa naiweka, nakaa kwenye lile kochi upande aliokuwa anakaa. Mnong'ono unakuja, naitikia. Unakuja, naitikia. Wimbo ukiisha nairudisha mwanzo.

Funzo langu ni dogo. Kama una mama, nenda leo. Usimpelekee zawadi. Mwambie akuimbie, hata akisema hana sauti, hata akikucheka, hata akiwa na kazi jikoni. Zima simu, kaa chini.

Na akimaliza, mwombe arudie.